Siku Ngapi La Paz

Binti wa tiketi mjini Shinyanga ana meza yake ndani ya duka la vipuri la baba yake, kati ya mikanda ya mashine na makopo ya grisi. Siku ile alikuwa ameshajaza kila kitu: jina langu, namba ya pasipoti, Mwanza hadi La Paz kwa kubadilisha ndege mara tatu. Palibaki tarehe ya kurudi.

"Kaka, unakaa siku ngapi?"

"Nipe mpaka kesho."

"Hata jana ulisema kesho. Viza ni ya siku thelathini, wenyeji wamekulipia tiketi, kitanda wanacho. Kaa zote urudi unaongea Kihispania, utuuzie grisi kwa lugha mbili."

Wateja wakacheka, nami nikacheka nao, nikatoka.

Wenyeji wangu walikuwa wachimbaji wadogo wenye karakana La Paz. Mmoja wao alikuwa amekuja Katoro, ninakofanyia kazi, kutuonyesha namna ya kupata dhahabu bila zebaki, na mimi, fundi wa karasha za kusagia mawe, ndiye niliyemshikia spana wiki nzima. Alinionyesha picha kwenye simu: nyumba zimepanda ukuta wa bonde mpaka kwenye mawingu, na vibehewa vinapita juu ya mapaa vikiwa vimening'inia kwenye kamba za chuma. Tangu siku hiyo nilikuwa nimeshaondoka. Mimi ni mtu ambaye hajawahi kumaliza miaka miwili chini ya paa moja, na kila mji nilioupita naukumbuka kama mtu anavyokumbuka wachumba aliowaacha. Siku thelathini niliziona chache.

Kilichonizuia ni mama yangu, na kaburi langu.

Kaburi lipo Kishapu, nyuma ya nyumba ya mama, karibu na uzio wa minyaa. Nikiwa na miaka thelathini na kidogo nilikuwa nachimba kwenye duara moja, shimo la dhahabu, huko Geita. Asubuhi moja nikasikia kuna dhahabu imetoka Mpanda. Nikamwachia zamu yangu mtu ambaye hata jina lake sikulijua, nikapanda lori bila kumuaga yeyote. Duara likatitia mchana uleule. Karatasi ya zamu ilikuwa na jina langu, na waliokuwa chini hawakupatikana. Nyumbani likapelekwa blanketi langu. Mama akalizika.

Niliporudi baada ya miezi minane nilikuta jina langu limechorwa kwa kijiti kwenye saruji, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Wazee wa ukoo walisema lisibomolewe, kwa sababu yupo mtu aliyekufa kwa jina hilo. Mama hakubisha. Aliendelea kulifagia. Kwa miaka mingi likawa jambo la utani tu: "Marehemu, ongeza ugali," shemeji zangu walisema tukiwa mezani.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu, na baada ya macho, kumbukumbu.

Niligundua polepole. Nikikaa Katoro wiki mbili, nikirudi alinijua kwa sauti kabla sijamaliza kumwamkia. Mara moja mashine iliniweka huko wiki tatu. Alinijua, lakini alisita kwanza, kichwa amekielekeza upande. Halafu nikakaa wiki tano. Nilipofika alinipa kigoda cha wageni, akaniuliza mimi ni wa kwa nani. Nikamwambia jina langu. Akatikisa kichwa kwa upole kama mtu anayepokea pole.

"Nilikuwa na mwana mwenye jina hilo," akasema. "Yupo hapo nyuma. Ukimaliza kula nitakupeleka ukamsalimie."

Alinipeleka kweli. Nilisimama pale jua likiwa kali, mama yangu akinitambulisha. Ilichukua siku nne nzima kuwa mwanawe tena.

Kwa hiyo nilikuwa najua nafasi niliyonayo: wiki tatu, labda pungufu. Nikiipita, kuna mwingine mwenye jina langu ambaye haondoki, na sikuwa na hakika kwamba mara ya pili atanirudishia mahali pangu.

Nikaenda Kishapu kumuaga kabla sijaandika tarehe. Siku hiyo alinijua mara moja. Mdogo wangu wa kike, anayekaa naye, alituletea michembe ya viazi vikavu na karanga.

"Mayu, nasafiri."

"Geita?"

"Mbali kuliko Geita. Huku jua likiwa utosini, huko bado hakujapambazuka."

Alitafuna akifikiri. "Kwa hiyo utakuwa nyuma yetu."

"Kidogo."

"Siku ngapi?"

"Wewe unataka ngapi, mayu?"

"Mimi?" Akacheka. "Mwenzako hajawahi kuniomba siku." Akainuka, akapapasa ukuta mpaka akaupata ufagio, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukaanza kusikia ufagio, na sauti yake ya chini, ile aliyokuwa akiitumia kutubembeleza tukiwa na homa.

"Siku hizi anakupelekea chai," mdogo wangu alinong'ona.

"Mimi?"

"Wewe wa kule."

Aliona nilivyomwangalia, akakusanya maganda ya karanga haraka, akaingia ndani.

Nikasogea katikati ya ua, penye mtandao, nikampigia binti wa tiketi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, na La Paz katikati.

"Andika kumi na tano," nikamwambia.

"Kuanzia kufika?"

"Kuanzia kufika."

"Ndiyo maneno hayo! Subiri, mashine inasuasua."

Nikasubiri. Nyuma ya nyumba ufagio ulinyamaza.

"Nani huyo anaongea uani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mayu."

"Wewe nani?"

Nilikuwa sijaondoka. Michembe niliyoimega ilikuwa bado mkononi. Nikamtajia jina langu kwa sauti kubwa, kisha nikalirudia. Mdogo wangu akatokeza mlangoni akabaki amesimama.

"Huyo yupo huku kwangu," mama akasema, bila hasira yoyote. "Mbona unatumia jina la mwanangu?"

"Haloo? Kaka?" binti wa tiketi aliita. "Imekubali. Kumi na tano."

"Futa. Andika tano."

"Tano! Kaka, mji wenyewe uko juu, siku tatu za kwanza utakuwa unatafuta pumzi. Utaona nini?"

"Andika tano."

"Bora nikutolee picha yake ubandike ukutani."

"Andika, tafadhali."

Nikaitia simu mfukoni, nikazunguka nyumba. Alikuwa ameketi kwenye saruji, ameuegemeza ufagio gotini. Nilichuchumaa karibu kiasi cha yeye kuweza kunigusa uso, nikamwamkia upya, taratibu, kama mtu anayefika.

"Marahaba," akasema, akavuta ufagio pembeni ili nipate pa kukaa.