Mgeni Aliyemsifu Rukia

Kama una nia ya kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa. Yalinifika mimi mwenyewe, nyumbani kwangu mtaa wa Langoni, miaka ile ya sitini bendera mpya ilipokuwa bado ngeni machoni mwetu. Wala usiniambie usiku una mambo yake, maana haukuwa usiku. Ilikuwa baada ya alasiri, jua linawaka, na akili zangu timamu.

Mume wangu, Athman, alikuwa seremala. Mwalimu mmoja wa kutoka bara alimletea picha kuukuu ya rangi, iliyochapishwa Ulaya zamani, itiwe fremu mpya kwa kuwa ya kwanza ililiwa na mchwa. Ilionyesha watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya dini yao: wazee, wanawake, mizigo mgongoni, wanakanyaga theluji. Mwalimu alitueleza hivyo, akaenda zake. Athman akaiegemeza ukutani dakani, pale kibarazani petu mlangoni, akatoka kutafuta mbao.

Mimi nikazitazama nyuso zile, nikaingiwa na huruma. Wallahi, hata awe wa dini gani, kufukuzwa kwao ni kufukuzwa. Nikawaambia kwa mzaha, kama tunavyomwambia mpita njia yeyote, "Ndia yenu ndefu. Karibuni mpumzike." Binti yangu Rukia, mdogo bado, akacheka mpaka akakaa chini.

Haikupita muda nikasikia, "Hodi." Nikajibu karibu kabla sijatazama. Nani hutazama kwanza?

Akaingia mwanamke amejitanda shali nzito ya sufu, imelowa chapachapa. Mvua imetoka wapi, na joto lile? Nikamjua papo hapo: ni yule wa kwenye picha aliyegeuza uso nyuma. Lakini ameshaambiwa karibu, ningemfukuza vipi? Nikamtandikia mkeka, nikampa maji. Hakunywa. Huko nje kichochoro chetu, ambacho saa zile huwa na makelele ya punda na wauza samaki, kilikuwa kimya. Nikachungulia. Kimejaa watu wenye mizigo, wamesimama wanangoja.

Mgeni akamtazama Rukia. Akasema, kwa Kiamu safi, lugha yetu ya hapa, kama cha mama yangu, "Una mwana mzuri."

Hakusema mashaallah ya kumkinga mtoto na kijicho. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Lakini unaijua adabu ya kwetu: mgeni akisifu kitu chako, unamwambia ni chake, akisifu mtoto, unamwambia ni wake. Ni maneno ya mdomoni tu, hakuna aliyewahi kuondoka na mtoto wa mtu! Mdomo ukaniponza. Nikasema, "Ni mwanao, bibi."

Akanyoosha mkono. "Ahsante," akasema. "Wangu alinifia ndiani."

Ee Mola wangu! Nilimrukia mwanangu nikamkumbatia, nikapiga ukelele, "Wangu! Huyu ni wangu!" huku nikisoma kila aya iliyonijia kinywani. Mwanamke yule hakugombana nami. Alimgusa Rukia kwenye paji la uso kwa kidole kimoja, taratibu, akatoka. Athman aliporudi alitukuta tumejikunyata pembeni, na mkeka unachuruzika maji.

Kesho yake mwalimu akaja. Fremu haijaguswa, lakini nilimsukumizia picha yake hivyo hivyo. "Ichukue, Bwana, na usiirudishe hapa." Nikadhani yamekwisha. Basi alipoitia kwapani na kushika njia ya forodhani, Rukia aliniponyoka, akamfukuzia kichochoro kizima akilia kwa sauti ya kukata maini, "Mama! Mama!" Nami nilikuwa nyuma yake, namwita.

Niamini, tulizunguka kwa masharifu na waganga mpaka Siyu. Leo Rukia ni mtu mzima, ameolewa, na ni mwana mwema kwelikweli. Hunipikia, hunikanda miguu. Lakini tangu siku ile hajaniita mama. Huniita Bi, kama anavyomwita jirani. Inaniuma, sikufichi.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto, nisikilize. Mgeni akimsifu mwanao, mpe chai, mpe mkeka, mpe hata kanga uliyojifunga. Mtoto usimpe, hata kwa adabu, hata kwa mdomo tu. Rukia akishikwa na homa humlilia mama yake usiku kucha, na mimi nimekaa hapo hapo, nimemshika mkono.