Yai Ndani ya Uji

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wazee pale misheni, Tarime. Wazee kumi na wanane wasio na mtu wa kuwatunza. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, mtoto mgongoni. Kwa hiyo nesi aliponipa karatasi ya vyakula niibandike jikoni, nilijiona mtu. Ilikuwa na mafungu matatu: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, cha kukinga maradhi. Kila mzee, kila siku, apate kutoka yote matatu. Nikaifuata kama sala.

Bibi mmoja ndiye alinishinda. Alitoka upande wa Nyambureti, amekonda, miguu imevimba. Maharage yalimsumbua tumbo, maziwa yalikuwa haba kiangazi kile, nyama ni Jumapili tu. Mayai ndiyo tulikuwa nayo tele, watu waliyaleta kanisani kama sadaka. Lakini kwao mwanamke hali yai. Hakuwahi kuligusa tangu utoto.

"Ni kama dawa tu, bibi," nilimbembeleza.

"Kula wewe, mwanangu. Mimi mdomo wangu utakufa safi."

Nesi akasema akiendelea hivyo hataiona masika. Basi nikaamua mwenyewe. Nikawa napiga yai kwenye uji wake wa ulezi, nakoroga mpaka linapotea. Siku ya kwanza aliniuliza mbona uji umekuwa mzito. Nikamjibu, "Ni maziwa, bibi." Nilisema hivyo nikiwa nimetoka kusali.

Wiki ya tatu miguu ikanywea, akaanza kutoka nje kuota jua. Nesi akanisifu mbele ya wazee wote, nami nikazipokea hizo sifa.

Kulikuwa na mzee mmoja wa maneno mengi, kiti chake kilikuwa karibu na mlango wa jiko. Asubuhi moja akapaza sauti: "Wewe bibi, mbona hatukusikii ukitetea? Kwa mayai unayokula kwenye uji, kesho utataga humu ndani!"

Wazee wakacheka. Bibi hakucheka. Akanitazama.

"Ni kweli?"

Nikatazama chini. Akaweka bakuli taratibu, akatoka nje, akatia vidole kooni.

Tangu hapo hakula kitu cha mkono wangu. Siku moja, mbili, tatu. Maji tu, tena aliyochota mwenyewe akijikongoja. Jumapili nikasimama kanisani, nikaungama mbele ya watu wote, nikalia, wakaniimbia. Nikatoka moyo mwepesi, nikaenda kwake moja kwa moja na uji mtupu.

"Nimeungama, bibi. Mungu amenisamehe."

"Kwani ulimlisha Mungu yai?"

Nikaweka bakuli chini.

"Mume alikufa, watoto wakafa, ng'ombe wakaisha. Kilichobaki changu ni hiki." Akashika mdomo wake. "Umekwenda kulia kwa watu. Aliyekula ni mimi."

Nikapiga magoti hapo hapo. "Nilikudanganya, bibi. Nilikufanya mtoto."

Aliuacha uji mpaka ukapoa. Halafu akasema, "Leta mafiga yako hapa. Nione."

Nikahamishia moto mbele ya mlango wake. Nilimpikia mchicha, na kunde nilizoloweka na kumenya maganda moja moja zisimsumbue tumbo, na dagaa wa ziwani niliowatwanga wakawa unga. Dagaa na kunde, vyote vilikuwa kwenye karatasi ile ile, fungu lile lile la yai. Nilikuwa nimevisoma kila siku. Ni kwamba vilikuwa na kazi nyingi, na yai lilikuwa rahisi.

"Onja wewe kwanza," alisema kila nilipopakua.

Nilionja, yeye akinitazama kooni mpaka nimeze, ndipo akachukua bakuli. Miguu haikuvimba tena, na aliishi miaka miwili mingine. Chakula chake cha mwisho pia nilikionja kwanza, na aibu yangu ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza ya kuonja.