Miwani iliyoshika ukungu, mtaro, na mume wangu: tulivyojifunza kukimbia na jua la Voi

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Voi tunaokwa kama kawaida.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, naingia, nacheka, natoka. Leo nimeamua kuandika yaliyonipata. Kuongeza chumvi siwezi hata nikitaka, kwa sababu mzee wangu amekaa hapa kando na simu yake itamsomea huu uzi kwa sauti nikishapost. Nikidanganya mahali ataniambia nirudi kuedit.

Nianze na yeye.

Mume wangu, Baba Wakesho, ni fundi wa pampu za maji. Mtu wa Bomeni, kule Taveta. Alikuwa anakimbia tangu nimjue. Mtu anatoka kazini amechoka, anabadilisha viatu, anapotea barabarani, anarudi amelowa na anaimba.

Halafu presha ya macho ikamkamata. Kwa wale hawaijui, haiumi. Inakula macho polepole kutoka pembeni, na ukija kushtuka imebaki tundu dogo katikati. Kwake hata hilo tundu likaziba. Sasa anajua tu kama ni mchana ama usiku.

Pampu bado anatengeneza. Vidole vyake vinajua kila nati. Lakini mbio aliacha, na alipoacha mbio akaacha na kuimba. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniumiza mimi.

Mimi sasa ni mtu wa Chawia, juu milimani. Kule kwetu ukungu uko nje kwenye mashamba, hauingii kwenye miwani. Kukimbia nilijua ni kitu cha watoto wa shule na mtu anayefukuzwa na ng'ombe.

Lakini siku moja nikamwambia, twende, nitakushika. Alikataa. Nikamwambia tena wiki iliyofuata. Akakubali nadhani ili ninyamaze.

Tunatumia kamba ya kiatu. Ncha moja ameifunga kidoleni, nyingine ninayo mimi, na mimi ndiye namwambia barabara: jiwe, tope, panda, shuka, boda inakuja, sogea kwangu. Pace ni yangu, ambayo ni pace ya mtu anayewahi mazishi bila kutaka kuonekana ana haraka. Hakuwahi kulalamika.

Sasa njia yetu.

Tunatoka nyumbani asubuhi tunaelekea upande wa Mbololo, barabara ya vumbi. Kwenda ni raha, jua liko mgongoni. Kurudi ndiyo kasheshe. Jua linakuwa limesimama mbele yako, chini kabisa, na ule mchanga mwekundu unalirudisha machoni. Unakimbia umekunja uso kama umelamba ndimu. Machozi yanatoka yenyewe.

Nikaenda mjini nikanunua miwani ya jua pale kwa wale vijana wanaotembeza. Nyeusi, imekumbatia uso vizuri, nikajiona mwanariadha wa kimataifa.

Wakuu, ile miwani ilikuwa inashika ukungu mpaka nashindwa kuona mkono wangu. Ilikuwa imebana uso, kope zinagusa lenzi, hewa haipiti. Ukikimbia kwenye tambarare upepo unasaidia kidogo. Ukifika kilimani, ukipunguza mwendo tu, vuuu, kioo chote cheupe.

Na jasho nalo. Nilikuwa najipaka sunscreen, yale mafuta ya kukinga jua, uso mzima, mpaka kwenye paji. Jasho likishuka linaibeba yote linaipeleka machoni. Inawasha kama kitunguu.

Sasa niwapeleke kwenye ile asubuhi.

Tulikuwa tunarudi. Miwani imejaa ukungu, nikaivua nikaifuta na T-shirt, ambayo yenyewe ilikuwa imelowa. Nikairudisha usoni, ikawa mbaya zaidi, sasa ni ukungu na michirizi. Nikaipandisha kichwani. Jua likanipiga, nikafumba macho, sunscreen ikaingia. Nikasema wacha nipige hatua chache tu hivi hivi, hii barabara si naijua.

Nilikuwa naijua. Lakini siku iliyotangulia kuna watu walikuja wakachimba mtaro kuvuka barabara, wa kupitisha bomba la maji. Wakaondoka bila kuweka hata tawi la mti kama alama.

Mimi mguu wangu uliuruka kwa bahati tu. Yeye, mtaro ulimeza mguu wake mzima.

Alianguka kifudifudi, mikono mbele. Ile kamba ilinivuta na mimi nikapiga magoti. Nilipofika kwake kidevu kilikuwa kinatoka damu, na viganja vyote viwili vimechubuka. Viganja, wakuu. Mtu ambaye viganja ndiyo macho yake.

Akakaa pale mchangani. Kitu cha kwanza aliuliza ni kama mimi nimeumia. Mimi nikalia. Nililia vibaya, kilio cha kelele, mpaka mama mmoja anayeuza mandazi pale karibu akaacha karai lake akaja na jagi la maji, akadhani tumegongwa na pikipiki.

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Siku zilizofuata hakuweza kushika spana. Anakaa kwenye kiti viganja vikiwa vimefungwa bandeji, redio inaongea peke yake. Mimi nikawa nimekata shauri. Nilimtafuta Mutua, jamaa waliokuwa wanakimbia naye zamani, anafanya kazi upande wa reli. Nikamweleza, akasema yuko tayari kumshika hata kila siku. Mutua ana mbio na anaijua kazi. Nikaona hapo nimemaliza.

Jioni nikampelekea mzee hiyo habari na chai. Nikamwambia atafaidika, maana Mutua atamwendesha kwa kasi yake ya zamani, na mimi macho yangu jua limeyashinda.

Akanywa chai kwanza.

"Mutua ana mbio," akasema. "Lakini nikianguka, Mutua hawezi kulia vile."

Nikamwongezea chai.

Halafu akasema, "Shida si wewe, Mama Wakesho. Shida ni ile miwani. Pampu ikivuja hatutupi kisima. Leta hiyo miwani hapa."

Basi jikoni kwetu pakageuka karakana.

Mzee alisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: ukungu ni mvuke tu, kwa hivyo hatuna haja ya kwenda barabarani kujaribu. Nikabandika sufuria ya maji, ikichemka naishikilia miwani juu ya mvuke, natazama. Yeye ameketi kwenye ndoo karibu na jiko, anauliza, "Imeshika?" Namwambia imeshika. "Sasa?" Bado imeshika. Jirani alikuja kuomba chumvi akatukuta hivyo, akaichukua akaondoka polepole bila kuuliza kitu.

Tulianza na dawa ya meno, kuna mtu nilimsikia akiisifu. Msijaribu. Ilikwaruza kioo, na hiyo miwani ya kwanza ikafia hapo. Sikuilia.

Nikanunua nyingine, safari hii sikuangalia urembo. Kubwa, pana, imekaa mbali kidogo na uso, ina vitundu pembeni vya kupitisha hewa. Mzee aliipapasa, akaingiza kidole kati ya kioo na shavu langu, akasema hapa sasa hewa inapita.

Sabuni ya kipande ilifanya kazi lakini ikaacha michirizi. Kilichotusaidia ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone moja, unalipaka ndani ya kioo kikiwa kikavu, kwa kidole, halafu unafuta taratibu na kitambaa laini cha pamba mpaka uone kioo ni safi. Usisuuze. Tukarudisha juu ya sufuria, na ule mvuke ukapanda, na mimi nikawa bado namwona mzee wangu kupitia kioo, amekaa kwenye ndoo, ameinua kidevu chenye kidonda, anasubiri jibu.

"Haijashika," nikamwambia.

Akapiga paja.

Lakini barabarani kulikuwa na mengine. Siku ya kwanza nilipaka sabuni nyingi, jasho likaiyeyusha ikanitembelea machoni. Nikasimama hapo hapo. Sasa tuna sheria: nikiacha kuona, nasema "simama," na tunasimama wote. Hakuna hatua chache tu.

Kwa jasho nilichana leso kuukuu, nikatoa ukanda, nafunga kwenye paji chini ya kepu. Unanyonya kabla halijafika kwenye nyusi. Sunscreen napaka mashavu, pua na shingo, paji la uso nimeliachia kepu. Na mfukoni nabeba kipande kidogo cha pamba ndani ya mfuko wa nailoni, kibaki kikavu, kwa sababu T-shirt yako ikishalowa si kitambaa tena. Vumbi likiwa jingi namwagia miwani maji kwanza ndipo nifute, la sivyo ule mchanga wetu unakwaruza kama msasa.

Tena nikagundua ukungu unapenda mtu aliyesimama. Ukipunguza mwendo, ishushe miwani kidogo kwenye pua ipumue. Usiipandishe kichwani. Kichwa chenye jasho ni sufuria nyingine.

Viganja vilipona. Tukarudi barabarani, na mtaro ulikuwa umefukiwa.

Sasa ikaja race.

Kanisa letu liliandaa mbio za kilomita kumi, za kwenda na kurudi kwa njia ileile ya Mbololo. Tuliambiwa tunaanza alfajiri. Wakuu mnaijua Kenya. Maombi, hotuba, mgeni wa heshima yuko njiani, hotuba tena. Tukaanza jua limeshaamka vizuri na lina hasira. Muda huo wote nilikuwa nimening'iniza miwani kwenye kola, naisubirisha.

Kwenda tulikuwa nyuma. Mutua alitupita mapema, akampiga mzee kofi la mgongo akaendelea.

Tukageuka.

Jua lilikuwa mbele yetu, juu kidogo kuliko tulivyozoea, kali. Ukanda umelowa, kepu imelowa, jasho linashuka mpaka kwenye viwiko. Na mimi naona. Naona kila jiwe. Namwambia mzee kulia, kushoto, mchanga laini, kabla hata hatujafika, bila wasiwasi wowote. Kuna mtu alitumwagia maji kichwani yakanirukia kwenye kioo, nikasema simama, nikatoa pamba yangu, nikafuta, tukaenda.

Baada ya hapo mzee akaivuta kamba kidogo. Nikadhani amechoka.

"Milima ya Sagala inaonekana?" akauliza.

Nilishtuka. Tangu macho yake yazime hakuwahi kuniuliza kitu chochote kinafananaje. Hata mara moja. Mimi nilikuwa namwambia mashimo na mawe tu, na kusema kweli hata mimi mwenyewe nilikuwa sioni zaidi ya hayo. Nilikuwa nakimbia nimefumba nusu.

Nikainua kichwa.

"Inaonekana," nikasema. "Imejifunga wingu kiunoni. Kileleni kuko wazi."

"Na huku chini?"

Nikamwambia nyika imekuwa kijani mpaka kule mbali inapogeuka buluu. Nikamwambia kuna mbuzi wamepanda juu ya lile tangi la maji bovu, sijui walipandaje. Nikamwambia yule mama wa mandazi yuko kando ya barabara anatupungia na koleo yake ya kugeuzia mandazi.

Akampungia, upande wa kinyume. Nikamgeuza mkono.

"Na wewe umevaaje?"

"T-shirt ya kanisa, kitambaa cha leso kichwani, kepu juu yake, miwani kama ya mchomelea vyuma."

Alicheka mpaka pace ikavunjika. Ikabidi tutembee kidogo. Halafu akaanza kuimba, ule wimbo wake wa Kitaveta ambao hajawahi kuniambia maneno yake yote, na tukaingia uwanjani hivyo, watu wakiwa tayari wanapanga viti kuvirudisha kanisani.

Mutua alikuwa ametuwekea soda. Ilikuwa ya moto. Tuliinywa.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba macho ya mtu anayekimbia ni ya kutunzwa kama miguu, na si kwa bei ya miwani. Ni hewa ipite, jasho lizuiwe juu kabla halijashuka, kioo kipakwe sabuni kidogo, na ukiacha kuona, simama. La pili, ukimshika mtu mkono, mwambie mashimo, lakini usiishie kwenye mashimo.

Wale mnaokimbia Mombasa, Garissa, Dodoma na kwingine kwenye joto, nyinyi mnafanyaje? Kuna mtu amejaribu zile lenzi zinazobadilika rangi? Na kama yuko mwingine humu anayekimbia kwa kamba, ama anayeshika kamba, aseme, tungependa sana kumsikia sisi wawili.

Mimi naenda kufua ukanda wangu. Mzee amesema kesho tupite upande wa ule mto wa msimu, nimwambie kama maji yamefika.