Mikono Niliyoitandaza Maisaka

Mchezo wa besiboli niliuleta mwenyewe shuleni kwetu Maisaka, baada ya semina ya walimu wa michezo, na kiherehere hicho kilikaribia kuniponza. Siku ya mechi wageni walitoka Bagara, ambako ndiko nimepanga chumba. Mdakaji wao, yule anayelinda kituo cha mwisho, alikuwa binti wa mwenye nyumba wangu, na baba yake alikuja kumtazama. Mwamuzi nilikuwa mimi. Nikiwaudhi hawa, nitalala wapi?

Watu walijaa, bodaboda wakapaki hadi kwenye mahindi. Wengi walijua mpira wa miguu tu. Ishara nilishawaeleza, juu juu, wakaitikia kwa kichwa. Ngumi ikipanda, mkimbiaji katolewa. Mikono ikitandazwa pembeni, kafika salama. Nilisahau kwamba kwetu anayeinua ngumi anashangilia, na muuza duka akikutandazia mikono namna hiyo, ujue sukari imeisha.

Mwishoni timu zilikuwa sare, bao moja tu lingeamua. Binti wa Maisaka akatimua mbio, akajitupa kwenye kituo cha mwisho, ambako akifika ni bao, vumbi likatimka. Mpira ulimfikia mdakaji, ukamponyoka. Niliona vizuri kabisa. Nikatandaza mikono.

Bagara wakaanza kucheza kwa furaha. Maisaka wakaingia uwanjani wakinijia mimi, mbele yao mama mmoja ameshika mwavuli kama fimbo. Niliogopa, sifichi. Mikono nikaiacha hewani, maana nikiishusha wataisoma vingine, na nikikunja ngumi ndiyo balaa kabisa. Wakanizunguka, wakitaka kujua kwa nini nimewanyima bao la halali. Nilijua nikisema ukweli hawa wataniacha, na wale wa Bagara watasema nimegeuza uamuzi kwa kuogopa mwavuli. Ningekuwa wao, ningesema hivyo hivyo.

"Amefika," nikasema. "Bao ni lenu."

Nikashtukia nimenyanyuliwa mabegani. Niliwaomba wanishushe, tena niliwaomba kwa dhati, wakadhani naona haya.

"Tulia, ticha," mmoja akanijibu kutoka chini. "Leo siku yako."

Upande wa Bagara kelele zikakatika. Kule juu niliwaona wote, na wao waliniona vizuri zaidi: mpangaji wao, mwamuzi, amebebwa na wapinzani. Mdakaji alikuwa analia kifuani kwa baba yake. Wabebaji wangu, kwa furaha zao, wakapita karibu naye kabisa, mpaka kofia ya mzee ikawa usawa wa viatu vyangu. Hofu ilishanimaliza akili. Nikafanya jambo pekee nililolikumbuka.

"Shikamoo, mzee."

Alivitazama viatu kwanza, kisha akaninyanyulia macho. Nikasubiri marahaba huku wakinipitisha, nikageuza shingo kuisubiri. Haikuja.