Jirani wa Mratibu

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, ukumbi wa ghorofa ya chini katika jengo moja la ofisi ulijaa watu wa biashara za teknolojia kutoka kanda nzima. Walikuwemo watengeneza programu, wafunga kamera, wauza vifaa, wenye kampuni za watu wawili na wenye kampuni zilizokuwa bado kichwani, kila mmoja ana beji kifuani na kadi mfukoni, tayari kuzimwaga kama njugu. Aliyewakusanya alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, lakini kipaza sauti akikishika hakiachii. Walimwita Mratibu. Nyumbani alikuwa na jina jingine, Kipanya, ila pale ukumbini hakuna aliyelijua, na yeye mwenyewe alihakikisha halijulikani.

Mratibu alikuwa na hadithi yake ya jukwaani. Akiwa na miaka kumi na mmoja, aliokota kompyuta mbovu jalalani, akaibeba hadi nyumbani, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, mpaka siku moja ikawaka. Kuanzia hapo akajifundisha mwenyewe, bila mwalimu, bila msaada wa mtu. Akifika kwenye "bila msaada wa mtu" huwa ananyamaza kidogo, na watu wanapiga makofi. Tusimwonee, hakuzaliwa mwongo. Mara ya kwanza mgeni mmoja alimuuliza alianzia wapi, akaona ukweli hauna mvuto, akatia chumvi kidogo. Mara ya pili akaongeza. Kufikia mara ya saba mboga ilikuwa imekwisha, imebaki chumvi tupu.

Ukweli ulikuwa dukani kwa dada yake, mitaa minne kutoka pale. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameajiriwa kwenye kiduka cha kuchapa na kutoa nakala, na mdogo wake hakuwa na mtu mwingine. Akawa anamchukua kila akitoka shule na kumkalisha nyuma ya kaunta, kati ya maboksi ya karatasi na mashine ya nakala iliyotoa joto kama jiko. Mtoto akishika kile kipanya cha kompyuta hakiachii hata kwa kubembelezwa, ndipo dada akambatiza jina. Halafu akamfundisha. Alimpanga vidole juu ya herufi, akavifunika kwa kitambaa cha kufutia kioo, akamwambia, "Ukichungulia, tunarudi mwanzo." Hadi leo Mratibu anachapa huku anakutazama usoni, na watu wa ukumbini humsifia hilo kama kipaji. Programu yake ya kwanza aliiandikia kwenye kompyuta ya dukani, wateja wakisubiri, na dada akiwaambia mashine ina hitilafu kidogo.

Baadaye dada alilinunua duka lile. Na beji za mkutano pamoja na ratiba zake, kila mwezi, alizichapa yeye. Mratibu alimtumia majina kwa barua pepe, dereva wa pikipiki akaenda kuzichukua, na hivyo yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kufika. Dada alikuwa amemwomba jambo moja tu, kwa miaka miwili mfululizo: amtengenezee njia ya wateja kutuma kazi zao kwa simu kabla ya kuja, maana foleni yake ilikuwa inatoka hadi barabarani asubuhi na mchana duka linabaki la nzi. Kila mara Mratibu alisema, "Nitakuja, dada, wiki ijayo nitakuja." Wiki zile ukizipanga zinazunguka mji.

Sasa, mwezi huo walialikwa watu watatu wa kamati ya muungano wa biashara za teknolojia wa kanda. Walikuwa wanatafuta mtu wa kufungua mkutano mkuu wa mwaka, mbele ya watu elfu moja, na walikuwa wameisikia hadithi ya jalalani. Walitaka kuisikia kwa masikio yao. Mratibu alinyoosha shati mara mbili siku hiyo.

Akapanda jukwaani, akaanza. Kompyuta ikaokotwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Alipofika kwenye "bila msaada wa mtu," akanyamaza kidogo kama desturi yake, akatupa macho nyuma ya ukumbi, na macho yakatua kwa dada yake. Alikuwa amekaa safu ya mwisho karibu na meza ya chai, mkoba juu ya mapaja, amevaa gauni lake la kutokea. Beji yake alikuwa ameichapa mwenyewe. Mahali pa jina na kampuni aliandika neno moja tu: Mgeni. Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga.

Wazo la kwanza la Mratibu, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba dada ataropoka lile jina la Kipanya mbele ya kamati.

Bado kulikuwa na sehemu ya pili, na hiyo aliibuni yeye na kujivunia kwelikweli. Iliitwa jirani. Watu wanakaa wawili wawili, wanaongea dakika tatu, kisha kila mmoja anasimama na kumtambulisha mwenzake: ni nani, anafanya nini, anatafuta nini. "Hapa hakuna anayejisifu mwenyewe," alipenda kusema, akiwa ametoka kujisifu mwenyewe dakika ishirini. Na sheria ilisema hesabu ya watu ikiwa witiri, atakayebaki peke yake anakuwa jirani wa Mratibu.

Watu wakavuta viti, wakajipanga wawili wawili. Akabaki mmoja.

Mratibu alivuka ukumbi mzima mbele ya macho ya kamati, akamfikia, na badala ya kumwambia shikamoo, kama alivyomwambia kila siku tangu ajue kusema, akampa mkono.

"Habari yako, mama. Karibu sana."

Dada aliutazama ule mkono, kisha akaupokea. "Nzuri, mheshimiwa."

Wakakaa. Mratibu akainamisha kichwa, akanong'ona. "Dada, mbona hukuniambia unakuja?"

"Nimechapa ratiba yenu mwaka wa tatu huu. Kila mara imeandikwa Mratibu atasimulia safari yake. Nikasema na mimi nikaisikie." Alizungumza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Mratibu maini. "Hiyo kompyuta ya jalalani ulikuwa umeificha wapi? Maana nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja."

"Ni maneno ya jukwaani tu. Nitakueleza."

"Nieleze basi. Si tuna dakika tatu?"

Akaumauma maneno. Akamwonyesha kwa jicho wale watatu wa mbele, akamwambia walichokuja kutafuta. Wakijua hadithi si ya kweli, alisema, si mkutano mkuu tu utakaompita, hata ukumbi huu hautamwamini tena.

Dada akafikiri. "Sasa nikisimama hapo unataka niseme nini?"

Hapo mtu mwingine angesema, sema ukweli, dada yangu, liwalo na liwe. Mratibu akasema, "Sema ulichosikia."

"Sawa," akasema dada. "Na mimi, ukinitambulisha, sema natafuta mtu wa kunitengenezea ule mfumo wa kazi za wateja. Nimeona nisikusumbue tena. Humu hawatakosekana."

Zamu yao ilipofika, dada alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alisema jirani yake ni Mratibu, ambaye kila mtu anamjua. Alisema amejifunza kazi hii mwenyewe, tangu utotoni, bila msaada wa mtu, na kwamba anayetafuta kumsikia mtu mwenye bidii asiende mbali. Hakutetereka popote. Watu wa kamati waliandika kitu kwenye daftari.

Kisha akasimama Mratibu. "Jirani yangu ni mama mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala," akasema. "Hizi beji mlizovaa ni kazi yake. Naomba tumpigie makofi." Akaketi haraka. Makofi yalikuwa bado yanapigwa alipokumbuka kwamba kile anachotafuta dada hakukitaja.

Dada alikuwa anatabasamu kwa watu, akiitikia kwa kichwa huku na huku. Hakumgeukia. Mkutano ulipofungwa, kamati walimzunguka Mratibu wakamwambia ndiye, hakuna mwingine, na wakampa tarehe. Alishukuru, akacheka panapochekwa, na alipopata nafasi ya kutazama nyuma, kiti cha karibu na meza ya chai kilikuwa kitupu.

Usiku ule hakuna haja ya kuusimulia. Inatosha kusema kwamba aibu ilimlalia kifuani, na kila akifumba macho aliusikia mkono wa dada ndani ya wake, mkavu kwa karatasi, ukitikiswa kama mkono wa mtu baki.

Asubuhi akakata shauri. Akaenda kwa miguu hadi dukani, njia nzima akipanga maneno ya kuomba radhi, na kila sentensi aliyoipanga ilikuwa na harufu ya jukwaa. Foleni ilikuwa imefika barabarani kweli. Alipita pembeni, watu wakamnunia, akaingia.

Duka lilikuwa lilelile. Maboksi, ile harufu ya wino na joto la mashine, kioo cha kaunta kilichobandikwa picha ndogo za pasipoti za watu waliosahau kurudi kuzichukua. Dada alikuwa kwenye kompyuta, anachapa barua ya mteja. Pembeni yake, juu ya kigoda, amekaa msichana mmoja mtengeneza programu ambaye hakosi mkutano hata mmoja. Ukumbini walimwita Kofia, kwa sababu hajawahi kuonekana bila kofia. Alikuwa na kompyuta yake magotini na karatasi iliyojaa mishale: mteja anatuma, kazi inapokelewa, mteja anajibiwa. Alikuwa amemfuata dada kwenye mlango wa ukumbi jana, akamuuliza yeye mwenyewe, mama, hatukuambiwa unatafuta nini.

"Kaka Mratibu," Kofia akasema, amefurahi. "Na wewe unachapisha hapa?"

Dada aliinua macho mara moja tu, akayarudisha kwenye kazi. "Karibu, mheshimiwa. Kuchapa au nakala?"

Aliendelea kuilinda siri ile hata pale, ndani ya duka lake, kwenye kiti ambacho mdogo wake aliwahi kukisinzilia. Maneno yote ya njiani yakamtoroka Mratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuchapa au nakala?"

Kofia hakushtuka. Shikamoo anapewa yeyote aliyekuzidi umri, na dada ni kila mwanamke. Mlango wa kutokea ulikuwa bado wazi, mpana kabisa. Angesema nakala mbili, akaondoka zake, na nafasi yake ya mkutano mkuu ingebaki pale ilipo.

"Huyu ni dada yangu," Mratibu akamwambia Kofia, na sauti yake, ile isiyohitaji kipaza sauti, ilitoka nyembamba. "Tumbo moja. Ndiye aliyenilea. Kompyuta sikuiokota popote, nilifundishwa hapa, kwenye kaunta hii, na yeye."

Mashine ya nakala ilikuwa inanguruma. Kofia alimtazama yeye, akamtazama dada, akatazama karatasi yake. Akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Sasa mbona jana..."

Hakumaliza. Watu wa mbele kwenye foleni walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Jana alikuwa kazini," dada akasema, bila kuacha kuchapa.

Kisha akasogeza kwa mguu kiti cha plastiki cha wateja hadi kikamfikia Mratibu. "Kaa hapo, mheshimiwa. Kuna watu mbele yako."

Mratibu akakaa. Barua ya kwanza ikatoka, na ya pili, na mwenye nakala za vyeti akahudumiwa akaenda. Alikaa na mikono juu ya magoti, akingoja dada amwite Kipanya. Foleni ilisogea mpaka ikaisha, na hakumwita.