Nilivyopeleka Krismasi Delta kwa Kiroba

Sababu ya safari hii ni simu. Mama mdogo Sikitu, mdogo wake mama yangu, ameolewa kisiwani huko delta, na hana tabia ya kupiga simu bila shida. Simu yake ilinikuta mezani kwangu stendi ya Kibiti, mwezi wa Desemba, nimevaa kofia nyekundu yenye kishada cheupe kwa ajili ya biashara.

"Somoe, Krismasi unayo?"

"Ninayo, mama. Unataka ya aina gani?"

"Yoyote. Lete yote. Dokta wetu anataka kutuacha."

Kisiwa chenyewe sikitaji, maana dokta ni mmoja tu na mtamjua. Pana zahanati, na ndani ya zahanati pana mtu mmoja. Ni nesi, lakini nesi akibaki peke yake cheo kinapanda chenyewe. Jina lake Andalwisye, kwao Tukuyu kwenye baridi. Watu wa kisiwani jina liliwashinda, wakalikata, likabaki Dokta Anda. Mkristo pale ni yeye tu. Kabla hajaja, mjamzito akizidiwa alipakiwa kwenye boti kupelekwa bara, na boti haiondoki mpaka maji yajae, na kuna waliokwenda wasirudi. Sasa Dokta Anda kakosa tena likizo ya Krismasi kwa sababu hakuna wa kumshikia zamu. Hakugomba. Alisema tu, kwa upole, kwamba mwaka mpya ataomba uhamisho. Na binti wa mama mdogo, Tatu, mimba yake imeshakuwa kubwa, anakaa kwa kushikilia ukuta.

"Anasema hapa hakuna Krismasi," mama mdogo akaniambia. "Nikamjibu, mbona mwanangu anayo, anaiuza."

Ni kweli ninaiuza. Mimi ni Muislamu, na wateja wangu wengi ni Waislamu wenzangu wa Kibiti na Bungu. Wananunua kofia kwa sababu mtoto amelia, na taa kwa sababu zinawaka. Mjomba wangu, ambaye meza yake ya kanzu na miswala imepakana na yangu, husema hiyo ni sikukuu ya wenyewe, niwaachie. Mimi humwambia, mjomba, hiyo zamani, siku hizi Krismasi ni ya wote kama Sabasaba. Ubishi huu tunao kila mwaka, na huisha pale mmoja wetu anapopata mteja. Nikaona safari hii itaumaliza. Halafu nina ndoto ya kuwa mtangazaji wa habari za safari, na kikwazo changu ni kwamba nilikuwa sijasafiri.

Asubuhi ya mkesha, Kibiti. Nikapakia kwenye kiroba kofia, mti wa plastiki wa kukunja, pamba ya kufanyia theluji, na taa zinazoimba. Hizi taa zina kisanduku cha betri. Ukibonyeza, zinawaka na kulia kiwimbo chembamba kama cha mbu aliyesoma. Nimezisikia mpaka ndotoni. Sikuwahi kujiuliza kama ule ni wimbo wa mtu. Nilijua ni mlio wa taa, kama honi ilivyo mlio wa gari.

Mjomba alinisaidia kufunga kamba.

"Hiki nini kinachochoma?"

"Mti, mjomba."

"Unapeleka mti delta."

"Ndiyo, mjomba."

Alikaza fundo.

Mahege tulipita kwa bodaboda, barabara ina matope, kiroba kikiwa katikati yangu na dereva kama abiria wa tatu. Nyamisati tukakuta maji yamekupwa. Boti zimelala ubavu kwenye tope, watu wamekaa na mizigo yao wanaitazama bahari irudi. Mtu wa Kibiti ukimwambia subiri anauliza mpaka saa ngapi. Pale hawaulizi.

Mchana tukaondoka. Boti ikaingia kwenye vijito, mikoko kushoto, mikoko kulia, kisha mikoko mbele, mpaka nahodha akakata kona. Kwenye kona moja kiroba kikagonga ubao, na kisanduku kikabonyea. Kiroba kikaanza kuimba.

Abiria wakageuka. Mama mmoja akavuta watoto wake.

"We dada," nahodha akasema bila kugeuka, "zima mzigo wako."

Fundo la mjomba lilikuwa la mjomba. Halikufunguka. Tulikwenda hivyo hivyo mwendo mrefu, mzigo unaimba, injini inanguruma. Mzee mmoja mkata mikoko alikitazama kiroba muda wote kwa jicho la mtu aliyemwona jirani yake mji wa mbali, kavaa nguo za watu.

"Hiyo kitu," akaniuliza, "imetoka kwa Dokta?"

"Hapana, babu. Imetoka dukani."

"Haya," akasema, lakini hakuridhika.

Kisiwani, alasiri. Mama mdogo alinipokea, Tatu akanisalimia akiwa ameshika ukuta, na watoto wakanifuata na swali moja.

"Dada Somoe, mwezi umeonekana?"

"Krismasi haina mwezi. Ipo kwenye kalenda."

"Kwa hiyo inajulikana kabisa? Hata mwakani?"

"Hata mwakani."

Walisikitika kidogo. Sikukuu isiyokuwa na wasiwasi waliiona haijakamilika.

Mama mdogo alikuwa anamenya kamba wa kesho, huku anaguna kwa sauti nene, mm, mm-mm, mmm, akivuta ile ya mwisho.

"Wimbo gani huo, mama?"

"Huu? Wimbo wa sindano."

Nilidhani ni mambo ya huko, nikaacha.

Kabla jua halijazama nikapeleka kiroba zahanati. Dokta Anda ni mrefu, mpole, anainama kila mlango hata ile mirefu. Alipokea kitu kimoja kimoja kwa mikono miwili. Mti akauweka mezani. Nje ya dirisha, kisiwa kizima kilikuwa miti. Pamba akaibonyeza kwa kidole, akasema hii pamba nzuri, akaitia kwenye chupa ya pamba ya vidonda. Taa akazitundika barazani bila kuziwasha.

"Ahsante, dada yangu. Umehangaika. Hii ni Krismasi ya dukani, nayo ni nzuri."

"Kwani ya kwenu ikoje, Dokta?"

"Kwetu ni kwaya. Tunaimba sauti nne. Mimi besi, ile ya chini kabisa. Sasa mtu wa besi akiwa peke yake, dada, anaimba msingi tu. Nyumba haipo. Miaka yote hii hapa ninaimba msingi."

"Lakini watu wanakupenda."

"Wananipenda sana," akasema. "Ndiyo maana naondoka polepole."

Siku ya Krismasi. Kuku alichinjwa na Maalim wa madrasa, ili kila mtu ale, na Dokta mwenyewe ndiye aliyemshikia miguu. Pilau likapikwa uwanjani pa zahanati. Watoto walivaa nguo za Idi. Maalim alikataa kofia nyekundu, akakubali kuishika. Wanawake walipiga vigelegele mti ulipotolewa nje, na mbuzi akajaribu jani moja, akaliacha.

Nikasimama pembeni nikiwaza nitakavyomwambia mjomba. Kisiwa hiki hakina kanisa, na angalia furaha hii. Krismasi ni ya wote, imekwisha.

Kisha nikamwona Dokta. Alikuwa barazani, ameketi peke yake na sahani yake, na alikuwa anatabasamu kwa watu kama mgeni anayetabasamu kwenye harusi ya wasiomjua. Nikamfuata.

"Dokta, watu wamefurahi."

"Wamefurahi," akasema. "Ni sikukuu nzuri. Nikiondoka, muifanye tena."

Nikafanya ninachofanya mezani kwangu biashara ikilala: nikawasha taa.

Ule mlio mwembamba ukaanza. Dokta akainua kichwa. Nafikiri hakujua kama ametoa sauti. Ilimtoka yenyewe, nene, kutoka tumboni: mm, mm-mm, mmm.

Watoto wote wadogo wakaangua kilio. Mmoja akajificha chini ya meza ya pilau, wengine wakashika mikono yao ya kushoto wakikimbilia kwa mama zao. Mama zao wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Dokta, leo sikukuu! Usiwachome leo!"

Hapo ndipo nikaelewa. Dokta huguna wimbo wake kila anapochoma sindano, ili mkono utulie. Kisiwa kizima kimechomwa na wimbo ule. Wengine kwa wimbo ule wameshonwa vidonda vya mapanga, wengine wamezalishwa. Na mwili hausahau. Kwa hiyo mama mdogo, akimbembeleza mmoja wa wajukuu zake aliyemkimbilia kifuani, akaanza kuguna. Akafuata yule mzee mkata mikoko. Wakafuata wanaume waliokaa mkekani, wengine hata hawakuacha kula. Uwanja mzima ukawa unaguna chini, na juu yao taa za dukani zinalia.

Nami nikausikia. Ulikuwa wimbo mmoja. Mlio wa taa ulikuwa upande wake wa juu, na mguno wa sindano upande wake wa chini, na vilikaa pamoja kama mfuniko na sufuria yake.

Sahani ya Dokta iliinama, wali ukamwagika miguuni, kuku wakaja.

"Nani kawafundisha?" akauliza wimbo ulipoisha.

"Wewe," mama mdogo akasema.

"Mimi sijamfundisha mtu."

"Unaimba ukituchoma. Tufanyeje, tuzibe masikio?"

Dokta akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, kwa sauti ya ukali ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Mnavuta mno mwishoni."

"Ndivyo unavyovuta wewe," akajibu mzee mkata mikoko. "Unapochomoa."

Maalim akakohoa, kofia nyekundu mkononi. Watu wakamgeukia.

"Dokta, huo wimbo una maneno?"

"Unayo, Maalim."

"Yanasemaje?"

"Yanasema amezaliwa."

Maalim akaigeuza kofia. "Kuzaliwa sisi hatukatai," akasema. "Maneno ni yako, yaseme wewe. Hawa waendelee kuguna. Mguno hauna kosa."

Basi Dokta akasimama, akashuka uwanjani, akainama kwa mazoea japo juu yake palikuwa na mbingu tu, nikawasha tena. Akaimba maneno, sauti ya juu, siyo yake, ikamkwama mara kadhaa. Wao wakamshikia chini. Maalim alitazama mikoko wakati wote, lakini kidole chake kilikuwa kinagonga kofia. Mpaka betri zikaisha, mlio ukazama kama ng'ombe anayepiga miayo, na bado waliendelea.

Kuondoka. Tatu hakujifungua siku ile. Nasema mapema, kuna wanaopenda mambo yaishe hivyo. Maji yalipojaa Dokta alinisindikiza botini. Mama mdogo akamuuliza mbele ya watu wote, maana yeye hana faragha:

"Dokta, na ule uhamisho?"

Dokta akatazama maji. "Kila mtu anaimba besi," akasema, kama anayelalamika kwa mkubwa wake wa kazi. "Kisiwa kizima besi. Haiwezekani." Boti ikaondoka.

Kibiti tena. Mjomba akaniuliza, haya, ni ya wote au ya wenyewe? Nikamwambia, mjomba, mimi mezani hapa ninauza sauti ya juu tu, na hiyo ni ya yeyote mwenye hela. Lakini ile haisimami peke yake, na ya chini haiuzwi. Watu wa kule wanayo wakati Krismasi yenyewe si yao. Wameipata kwa mtu aliyewahi kuwashika mkono. Mjomba akasema sijajibu swali. Ni kweli, sijalijibu.

Tatu alijifungua salama, zahanati pale pale, mtoto wa kike. Hakuitwa jina lolote la ajabu. Anaitwa Mwajuma.

Na mwezi wa tatu, masika yameanza, kofia nyekundu zote zipo stoo na mezani nauza miavuli, simu ikaita. Ilikuwa sauti nene.

"Somoe, dada yangu. Nitumie betri za zile taa. Nyingi."

"Dokta, Krismasi si bado?"

"Najua," akasema. Nyuma yake nikasikia watu wanabishana, na mama mdogo anapanda juu, juu, mpaka sauti inampasuka. "Lakini hawa wanahitaji mazoezi."