Nilifunga turubai la camping uani kwangu Ndera, majirani wakaja kunipa pole

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kigali.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nacheka na nyuzi zenu halafu nalala. Leo naleta wa kwangu. Hii si chai. Yamenikuta mimi na mke wangu, na anayebisha aje Ndera nimwonyeshe alama za kamba kwenye mparachichi.

Uzi unahusu kuchagua na kufunga turubai la bei nafuu kwa ajili ya kulala kwenye hammock. Kwa wasioijua, hammock ni ile bembea ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili, unalala ndani unaning'inia.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Sawa, semeni, ila mfike mwisho kwanza.

Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa kijana. Nafanya kazi ya bima. Mke wangu, Solange, ni mtoto wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, Kiswahili amekikuta nyumbani kwao. Binti yetu Keza yuko shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tuko wawili tu.

Zamani tulikuwa watatu. Baba mkwe aliishi nasi miaka yake ya mwisho.

Alikuwa anakohoa sana usiku, na Solange alikuwa anaamka kila akisikia. Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Bati linapiga kelele, kikohozi hakisikiki, basi anatoka kitandani anakwenda kukaa mlangoni kwa mzee mpaka mvua ikatike.

Mzee alifariki mwaka jana. Solange akaendelea kuamka.

Mvua ikianza tu, yuko wima. Anakwenda kukaa sebuleni kwenye kiti, anangoja. Asubuhi anaingia kazini macho mekundu. Tulikwenda hospitali, akapewa dawa za usingizi, akazitumia siku tatu akaziacha kwa sababu zilimfanya mzito mchana kutwa.

Niliumia sana, wakuu. Unanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, hakuna mtu.

Sasa, Jumapili moja tukaalikwa chakula kwa rafiki yangu anayekaa Rebero. Bustanini kwake kuna hammock. Solange akajilaza "dakika tano tu". Alilala kwa muda wa saa mbili na nusu, mchana kweupe, mbele ya wageni. Nilisimama pale kama mlinzi, kila anayepaza sauti namfukuza.

Wiki hiyo hiyo nikanunua hammock mbili. Nikamwambia twende tukalale nje, kando ya ziwa Muhazi.

Akanitazama. Akasema, "Nakupa usiku mmoja. Mvua ikiniamsha, tunarudi nyumbani na hizo bembea unagawa."

Na likizo yake ilikuwa imeangukia katikati ya masika. Nikakubali. Mimi nikishajiamini, hesabu za hatari naziacha ofisini.

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kutegemea turubai.

Nianze na uchaguzi, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Yale ya mtandaoni, membamba, yanakunjwa yanaingia mfukoni, ni mazuri sana. Ila bei yake ukiongeza na usafiri unaweza kununua mbuzi. Nikaachana nayo.

Turubai la canvas, lile la kufunika lori, linazuia hata mawe. Ila likilowa hulibebi peke yako, na miti yenyewe inaweza kulalamika.

Kuna jamaa alinishauri ninunue banner kuukuu la matangazo. Ni imara kweli na bei yake ni ya kutupa. Nililikataa kwa sababu lilikuwa na picha kubwa ya mtu anapiga mswaki, na sikutaka Solange afumbue macho akutane na meno yale.

Nikaishia kwenye shitingi. Huku Kigali ndivyo tunavyoita lile turubai la plastiki iliyofumwa, lile la kuanikia mahindi. Nenda sokoni, usichukue lile la bluu jepesi linalopiga kelele kama karatasi ya sambusa. Omba zito zaidi, lishike kona, livute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akikasirika, nenda duka la pili.

Ukubwa: hammock yangu ina urefu wa mita tatu, nikachukua shitingi la tatu kwa nne. Ule upande wa nne ndio ukae sambamba na hammock, ili kila mwisho ubaki na nusu mita ya ziada. Ukichukua la tatu kwa tatu, miguu yako ni ya mvua.

Mpaka hapo nilikuwa bingwa. Nilikuwa nimeangalia video zote.

Jumapili asubuhi hatukwenda kanisani. Solange alikuwa na mafua, nami nikasema ngoja nifanye majaribio uani kabla ya safari. Nikatoa viti vyote vya plastiki nje kwa sababu nilikuwa nasafisha sebule. Geti nikaliacha wazi, nimwage maji barabarani.

Shitingi nikalifunga kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo za baraza. Kona nne, juu kabisa, limelala tambarare. Nikasimama chini yake nikajipongeza.

Sasa hebu tazameni hiyo picha kwa macho ya mtu anayepita njiani. Hawa watu hawakuonekana kanisani. Geti liko wazi. Uani kuna turubai, na chini ya turubai kuna viti.

Saa tano wakaingia. Watu tisa, wametoka ibadani, wamevaa vizuri. Mbele yupo Mama Bebe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameshavua na kofia.

"Mwihangane, Papa Keza," akasema, na huku kwetu hilo ndilo neno la kumpa pole mfiwa. "Mwihangane sana. Ni nani tena imekufa?"

Kabla sijajibu, Solange akatoka ndani. Amejifunga kitenge, macho mekundu, pua inachuruzika. Mama Bebe akamkumbatia akaanza kulia kwa ajili yake.

Nikaona uso wa mke wangu unabadilika.

Ndipo nikakumbuka. Turubai la msiba wa baba yake lilifungwa pale pale. Mparachichi ule ule, nguzo zile zile. Mimi mwenye akili zangu nilikuwa nimelisimamisha upya msiba wa mzee uani, ili mke wangu apate usingizi.

Solange akajitoa mikononi mwa Mama Bebe taratibu, akarudi ndani, akafunga mlango.

Nikawaeleza majirani. Hakuna aliyekufa, nafanya majaribio ya kulala porini. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama kazi ya bima imeharibika. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wanacheka wakishafika nje ya geti.

Mama Bebe akabaki, anafinya finya kofia yake.

"Samahani, Papa Keza. Niliona hiyo shitingi imefungwa mubaya, nikasema marehemu hastahili hivi. Nimeshapigia Hamadi simu. Iko njiani."

Hamadi ni fundi cherehani wa Nyamirambo. Anashona mahema na kuyakodisha kwa harusi na misiba. Ndiye aliyetufungia la mzee.

Nilijiona mjinga, wakuu. Nikakaa kwenye kimojawapo cha vile viti. Sikuwa na hamu hata ya kugonga mlango wa chumbani.

Hamadi akafika na moto, pikipiki ya abiria, begani ana furushi la kamba. Hakusalimia. Alitazama juu muda mrefu.

"Nani ilifunga hii kitu?"

"Mimi."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Bima."

"Basi baki huko huko."

Nikamweleza ukweli wote, hata habari ya usingizi wa Solange. Sijui kwa nini nilimwambia. Alisikiliza bila kunikatiza, halafu akaniambia kwa sauti ya juu, kama anayetangaza sokoni:

"Hii umefunga ya watu ya kukaa! Ni ya msiba kabisa. Hata mimi ningeleta pole!"

Dirishani nikasikia kicheko.

Solange alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alicheka hadi akakohoa, halafu akatoka nje, akakaa barazani na kikombe cha chai. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nilijifanya nakaza fundo ili wasinione macho.

"Mtu ya kulala hataki dari," Hamadi akasema. "Anataka paa."

Na hapo, wadau, ndipo nilipofundishwa. Chukueni daftari.

Alilifumua lote. Akafunga kamba moja imara kutoka mparachichi hadi nguzo ya baraza, hii ndiyo kamba ya mgongo. Shitingi likapita juu ya kamba, nusu huku nusu huku, kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Kona zikavutwa chini kwenye vigingi vya chuma. Maji hayana pa kukaa, yanateremka.

Mimi nililiweka juu ili nipate nafasi ya kusimama. Yeye kila nikisema hapo panatosha, anasema, "Chini. Chini. Bado." Mvua ya huku haiji kwa adabu kutoka juu, inaingia kwa pembeni. Turubai likiwa juu unapata mwavuli wa mapambo.

Yale matundu ya chuma pembeni msiyaamini, upepo mmoja yanang'oka. Hamadi aliweka jiwe laini, kama ukubwa wa yai, upande wa ndani wa kona, akalikunja na shitingi, akafunga kamba kwenye shingo ya kile kifundo. Vuta utakavyo, hakichaniki. Hiyo ni bure kabisa.

Kisha akaniambia niifunge hammock chini ya paa hilo, akaomba ndoo ya maji. Akapanda kiti, akamwaga juu, kwenye shitingi na kwenye mti.

Paa likapitisha maji vizuri. Nikaanza kushangilia. Akaniashiria nishike hammock, nikashika, imelowa upande wa kichwa.

Maji yalikuwa yanatembea kwenye kamba ya hammock yenyewe, kutoka kwenye mti, yanapita chini ya turubai, yanaingia ndani kama mgeni mwenye funguo. Katika video zote sikuwa nimelizingatia hilo.

Dawa yake ni kipande cha uzi wa pamba, urefu wa kiganja, unafungwa kwenye kamba ya hammock kila upande, chini ya turubai, na kuachwa unaning'inia. Maji yakifika kwenye uzi yanateremka nao yanadondoka chini. Solange ndiye aliyeufunga. Hamadi alimpa uzi, akasema, "Funga wewe, wewe ndiye unalala."

Alikataa hata hela ya moto. Aliondoka na parachichi.

Ijumaa iliyofuata tukaenda Muhazi. Kuna mahali wanaruhusu camping, miti ya kutosha, nikazifunga hammock zote mbili bega kwa bega chini ya shitingi lile. Ushauri wa haraka: msifunge chini ya mkaratusi wenye matawi makavu, yanakatika bila taarifa. Na kamba za nailoni zikilowa zinalegea, kwa hiyo zikazeni tena kabla ya kulala.

Nilikaza mara tatu. Solange akaniambia nikikaza tena atalala kwenye gari.

Usiku ulikuwa mkavu. Mvua ilikuja alfajiri, kunaanza kupambazuka. Nilisikia inavuka ziwa kabla haijatufikia, halafu ikatuangukia kwa nguvu zake zote. Shitingi linapiga kelele kuliko bati.

Nikafumbua macho nikamgeukia. Nilikuwa namngojea ainuke. Nilishaandaa hata maneno ya kumwambia.

Hakuinuka.

Maji yalikuwa yanateremka pande zote mbili, na kwenye ule uzi wake wa pamba yanadondoka tone tone pale chini, mbali na kichwa chake. Mdomo wake umefunguka kidogo. Anakoroma, wakuu, na sijawahi kuisikia sauti nzuri kama ile.

Mvua ilinyesha karibu saa nzima. Mimi ndiye niliyekaa macho kuisubiri ikatike.

Aliamka saa mbili asubuhi. Akatoa mguu nje, akakanyaga majani, akashtuka kwa baridi ya maji.

"Kumbe imenyesha?"

Nikamwambia kidogo tu.

Nisiwadanganye kwamba amepona. Mvua nyingine nyumbani bado zinamwamsha. Ila tangu siku ile zipo zinazompita, na asubuhi ananiuliza kama zilinyesha.

Nilichojifunza ni kwamba bei ya turubai si tatizo, tatizo ni kulifunga kama dari. Lifunge kama paa, chini, kona zenye mawe, na uzi kwenye kamba za hammock. Jaribu nyumbani na ndoo ya maji kabla hujabeti na mke wako. Na kabla ya kujaribu, zungukia majirani uwaambie hamjafiwa.

Waliowahi kulala kwenye hammock sehemu zenye upepo mkali, mwageni maujuzi hapa, mwezi ujao tunataka kwenda milimani. Wa kunicheka nao nafasi ipo, Mama Bebe amewatangulia.

Solange ameusoma uzi huu kabla sijaurusha. Amepitia kila mstari, hajakataa kitu ila kimoja. Pale kwenye mvua nilikuwa nimeandika kwamba alilala kama mfu. Amenifutisha. Amesema kama ni lazima niseme kitu, niseme alilala kama mtu.